Je, Wajua? Gari Jipya, Fundi wa Nje na Ile Waranti

Je, wajua kwamba waranti ya gari jipya haitolewi na aliyekuuzia? Anayeahidi ni kiwanda. Wakala aliyekukabidhi funguo pamoja na kalenda ya ukutani ni mtekelezaji tu. Akikubadilishia pampu ya maji kwa waranti, bili anaipeleka kiwandani, si kwako. Kwa hiyo siku akikuambia, "Bosi, ukilipeleka gari nje, waranti imekufa," muulize kwa upole: imeandikwa ukurasa wa ngapi?

Na pesa hiyo ya kiwandani mara nyingi ni ndogo kuliko unayolipa wewe kaunta. Kiwanda kina kitabu chake cha saa: kazi hii saa moja na nusu, ile dakika 40, basi. Huko Marekani mawakala walilia mpaka majimbo mengi yakatunga sheria za kuvilazimisha viwanda vilipe kazi ya waranti kwa bei ya kawaida ya karakana. Mteja hudhani wakala anaishi kwa waranti. Wakala anaishi kwa sevisi yako ya kulipia.

Sevisi na waranti si kitu kimoja. Sevisi ni matunzo: oili, filta, plagi, maji ya rejeta, na unalipa mwenyewe. Waranti ni kwa kasoro ya kiwandani: beringi iliyosagika kabla ya wakati wake, giaboksi linalogonga kwenye gari la miezi 8. Breki pedi, wipa, diski ya klachi na balbu haviingii humo, maana kazi yake ni kuisha. Tairi nazo huwa na waranti ya aliyezitengeneza, si ya aliyetengeneza gari.

Je, wajua kwamba "miaka 3 au kilomita 100,000" maana yake ni kile kinachotangulia? Dereva wa kukodishwa anayepiga Dar es Salaam kwenda Mbeya kila wiki huzimaliza kilomita hizo wakati miaka bado ipo. Bibi anayeliendesha kwenda kanisani na sokoni humalizwa na miaka. Na saa ilianza kugonga siku gari lilipokabidhiwa kwa mnunuzi wa kwanza, siyo siku wewe ulipolinunua kwake.

Chrysler ya Marekani ilishtua soko kwa magari ya mwaka 1963 ilipotoa waranti ya miaka 5 au maili 50,000 kwa injini na mfumo wa kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Hapo kabla, mwaka mmoja ulionekana ukarimu. Lakini ahadi hiyo ilikuja na mkia: gari lifanyiwe sevisi kwa ratiba ya kampuni. Mkia huo haujakatika hadi leo. Hyundai nayo ilipoona Wamarekani wanayacheka magari yake, ilitangaza miaka 10 au maili 100,000 kwa magari ya mwaka 1999. Kicheko kikapungua.

Je, wajua kwamba Marekani ipo sheria ya nusu karne inayomkataza mtoa waranti kukupangia fundi? Inaitwa Magnuson-Moss, kwa majina ya seneta Warren Magnuson na mbunge John Moss, na Rais Gerald Ford aliisaini tarehe 4 Januari 1975. Inasema hivi kwa ufupi: kampuni haiwezi kusema waranti yako inasimama tu ukitumia spea zenye chapa yake au huduma ya watu wake. Ikitaka kukukatalia dai, ionyeshe kwamba kazi ya fundi wa nje au spea uliyoweka ndiyo iliyoharibu kitu hicho. Mzigo wa kuthibitisha uko begani mwa kampuni, si begani mwako.

Sheria hiyo ina mlango mmoja wa nyuma. Kampuni ikikupa sevisi bure, inaruhusiwa kukuambia uende kwa nani. Ndiyo sababu "sevisi ya bure" huwa inafanyika kwa wakala tu. Wala usiinunie: umeipata bure, ipeleke.

Mwaka 2015 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliibana BMW kwa ajili ya kitengo chake cha MINI. Wateja walikuwa wakiambiwa lazima watumie spea za MINI na karakana za MINI ili waranti ibaki hai. Mwaka 2018 tume hiyo ikaandikia barua za onyo kampuni 6 za bidhaa mbalimbali. Mwaka 2022 ikaja zamu ya Harley-Davidson, waunda pikipiki. Nchi yenye sheria tangu 1975, na bado mnamo 2022 kuna kampuni kubwa inaandika masharti yasiyoruhusiwa! Usishangae basi kijana wa mapokezi pale shorumu akiyarudia maneno hayo kwa moyo mweupe. Ndivyo alivyofundishwa.

Ulaya nao? Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1400 ya mwaka 2002 ilifungua mlango, ile ya 461 ya mwaka 2010 ikaupanua, na muda wake umeongezwa hadi tarehe 31 Mei 2028. Msimamo ni kwamba mtengenezaji hawezi kuifunga waranti yake kwenye karakana zake peke yake. Uingereza, baada ya kutoka kwenye Umoja huo, iliandika ya kwake iliyoanza tarehe 1 Juni 2023.

Sasa tazama ujanja halali. Toyota Uingereza, tangu 2021, humpa mteja waranti ya mwaka mmoja au maili 10,000 kila anapofanya sevisi kwa wakala wake, na hilo linaweza kurudiwa hadi gari lifike miaka 10 au maili 100,000. Ukienda kwa fundi wa nje hupotezi waranti uliyonunua nayo gari. Unakosa tu zawadi ya mwaka mwingine. Fimbo imewekwa pembeni, imeletwa karoti ya mwaka mzima. Mimi naiona biashara safi kuliko vitisho, na mwenye gari la miaka 7 ana haki ya kupiga hesabu mwenyewe kama bei ya wakala inalingana na usingizi anaoununua.

Afrika ipo kwenye simulizi hii, na iliingia kwa kishindo. Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ilitoa miongozo iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2021. Mwenye gari lenye waranti anaweza kulipeleka kwa fundi huru anayemtaka. Anaweza kuweka spea isiyo ya chapa ya kiwanda. Na bei ya gari inatakiwa itenganishwe na bei ya mpango wa sevisi, ili mnunuzi ajue gari ni kiasi gani na matunzo ni kiasi gani. Kabla ya hapo ukinunua gari unauziwa na oili ya miaka 5 ijayo ndani ya bei ileile, kama mtu aliyenunua kitanda akakuta amelipia na shuka.

Miongozo hiyo haimpi fundi wa nje kinga. Akiunguza turbo kwa oili isiyofaa, kiwanda kinaweza kukataa dai la turbo. Lakini dirisha la umeme likigoma wiki hiyohiyo, dai la dirisha liko palepale. Madhara yanafuata chanzo chake. Hilo ndilo wazo lililo chini ya sheria zote hizi, za Washington, Brussels na Pretoria, na ni jepesi kulikumbuka: oili haivunji kitasa.

Huku kwetu je? Kenya ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 na Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Ni sheria za jumla, zinagusa kila bidhaa, kuanzia sukari. Kwa hiyo kwa mwenye gari jipya Nairobi au Mwanza, kile kijitabu kilichomo kwenye droo ya dashibodi ndicho mkataba wake wa kwanza. Kisome kabla ya kubishana. Uzito upo kwenye kitenzi: palipoandikwa "inapendekezwa" sevisi ifanywe na wakala, hapo hujafungwa. Palipoandikwa "ni sharti", umejua mapema, na ukiliona neno hilo kabla hujasaini, una nguvu ya kujadili ambayo hutakuwa nayo tena.

Je, wajua kwamba mjadala huu wote hauyahusu magari mengi yaliyo mbele yako kwenye foleni ya Ubungo? IST, Vitz, Harrier na Noah zilizotoka Japani zikiwa zimetumika hazina waranti ya kiwanda. Kiwanda kiliahidi kule, kwa mnunuzi wa kule, na muda ukaisha kule. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini hata la miaka 4 halirithi ahadi ya Kijapani. "Waranti ya miezi 3" unayopewa na muuza magari ya mtumba ni ahadi ya muuzaji mwenyewe, na thamani yake ni sawa na tabia yake.

Kwa hiyo swali la wakala au fundi wa nje ni la wenye magari mapya: kampuni za usafirishaji, mashirika, wenye mikopo ya benki, na sasa wanunuzi wa pikapu na magari ya umeme kutoka China. Magari ya serikali ya Tanzania yenyewe hupitia TEMESA. Kirefu chake? Wakala wa Ufundi na Umeme. Wakala, ndiyo, lakini siyo wa shorumu.

Gari la Dubai nalo ni mtego. Unaweza kununua jipya kabisa, plastiki bado ipo kwenye viti, ukalishusha bandarini ukidhani umebeba na waranti. Waranti nyingi ni za kikanda. Ile ya Ghuba huishia Ghuba, na wakala wa Mombasa hana wajibu wa kuitekeleza labda kijitabu kiseme hivyo.

Hata hivyo kuna kitu kimoja cha bure ambacho hata gari la mtumba linabaki nacho, na wengi hawakijui: wito wa kurudisha gari kwa kasoro ya usalama. Huo si waranti. Waranti inaisha, kasoro hatari haiishi. Kisa kikubwa kuliko vyote ni cha Takata, kampuni ya Kijapani iliyotengeneza mifuko ya hewa yenye baruti ya amonia naitreti. Joto na unyevu vikiipata kwa miaka, baruti hiyo huungua kwa kasi kupita kiasi, kopo lake la chuma linapasuka, na vipande vinamrukia dereva. Marekani peke yake mifuko takriban milioni 67 iliitwa irudi. Takata ilifilisika Juni 2017. Sasa rudia maneno mawili: joto, unyevu. Tanga. Mombasa. Zanzibar.

Ukitaka kuangalia gari la Kijapani, usitafute namba ya tarakimu na herufi 17 inayotumika duniani. Magari yaliyouzwa Japani kwenyewe hutambulishwa kwa namba ya chasisi iliyo fupi, inayoanza na msimbo wa modeli, kama NCP61 au NZE121, kistari, halafu tarakimu. Tovuti za viwanda vya Japani hupokea namba hiyo na kukuonyesha kama gari liliitwa na halikurudi. Ni kwa Kijapani, lakini simu yako inatafsiri.

(Zile 17 nazo zina siri yake: hazina kamwe herufi I, O wala Q, ili zisichanganywe na 1 na 0. Ukiiona O kwenye kadi ya gari, kuna mtu kakosea kuandika, au kuna mtu hakukosea.)

Je, wajua kwamba Harrier ya kwanza ina historia mahakamani? Mwishoni mwa miaka ya 1990 injini mbili za Toyota, ile ya V6 iitwayo 1MZ-FE na ile ya silinda nne iitwayo 5S-FE, zilianza kuwasumbua Wamarekani. Oili ndani yake ilikuwa ikigeuka tope zito jeusi, njia za oili zinaziba, injini inakufa. Jibu la kwanza walilopewa wenye magari ni lile tunalolifahamu sote: hukubadilisha oili kwa wakati. Ugomvi ukawa mkubwa. Mwaka 2002 Toyota ikatangaza mpango maalumu uliogusa magari zaidi ya milioni 3: tutatengeneza, hadi miaka 8 tangu gari liuzwe, bila kuhesabu maili, kwa yule atakayeonyesha kwamba alilitunza kwa kiasi cha kuridhisha. Baadaye kesi ya pamoja ikamalizwa kwa makubaliano.

Angalia palipokuwa na uzito. Hakuna aliyesema "aonyeshe kwamba alienda kwa wakala". Ilikuwa aonyeshe matunzo. Mtu aliyekuwa na risiti za gereji ya jirani alikuwa na hoja. Aliyefanya sevisi vizuri miaka yote bila kuhifadhi karatasi alikuwa na hadithi. Na Lexus RX 300 iliyokuwa kwenye orodha ile ndiyo Harrier yetu kwa jina la ughaibuni.

Tukiwa bado kwenye oili: ile W kwenye 5W-30 ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Tarakimu ya kwanza inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi kali, ya pili inavyoshika injini ikiwa ya moto. Fundi anayekuambia "huku joto, weka nzito" anakumbuka injini za zamani zilizokuwa na nafasi kubwa kati ya vyuma. Injini mpya iliyoandikiwa 0W-20 imechongwa kwa ajili ya 0W-20. Kijitabu kikiruhusu nzito, sawa. Kisiporuhusu, umempa wakala sababu yake ya kwanza, na safari hii ana haki.

Spea orijino hutengenezwa na nani? Mara nyingi si na mwenye jina kwenye boksi. Denso ilikuwa idara ndani ya Toyota mpaka ikajitenga mwaka 1949; leo hutengeneza plagi, kompresa za AC na sensa kwa kampuni nyingi. Bosch, Aisin, NGK, wote huuza kiwandani na pia huuza dukani kwa boksi lao wenyewe. Plagi ileile, bei mbili tofauti. Wanasheria wa Ulaya wameliona hilo, ndiyo maana kanuni zao zinatambua spea zenye "ubora unaolingana". Tatizo la Gerezani pale Kariakoo, la Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi ambayo mafundi bado wanaiita Grogan, na la soko la Kisekka jijini Kampala, si spea isiyo na jina la gari. Ni feki iliyoandikwa jina la gari. Boksi la Denso lililochapishwa na mtu asiyeijua Denso ni baya kuliko boksi lisilo na jina.

Tundu la kompyuta ya fundi, lile lenye pini 16 chini ya usukani, limekuwa la lazima Marekani tangu magari ya mwaka 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli tangu 2001. Lilitakiwa kuvunja ukiritimba: kila fundi achomeke, asome. Kisha kuanzia magari ya mwaka 2018 kampuni ya FCA, yaani Fiat Chrysler, ikaweka lango la kielektroniki katikati, ukitaka kupita unajisajili na kulipia. Kampuni mbili za huduma za magari, A.T.U na Carglass, zikaenda mahakamani, na tarehe 5 Oktoba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema masharti hayo hayakubaliki. Fundi wa Ujerumani alishinda. Fundi wa Temeke bado ananunua programu ya kufungulia lango kwa njia anazozijua mwenyewe.

Kitabu cha sevisi cha karatasi kinakufa. Kampuni nyingi huweka kumbukumbu kwenye seva, na fundi wa nje hana pa kugonga muhuri. Ulaya sheria inataka mafundi huru wapewe nafasi ya kuingia kwenye kumbukumbu hizo. Huku, omba wakala akuchapishie historia ya gari kila ukipita kwake, halafu uibane kwenye faili moja na karatasi za nje.

Wakala ana mambo yake ambayo hakuna mwingine anayeyaweza. Ukarabati wenyewe wa waranti ni wake: huwezi kutengeneza giaboksi kwa fundi wa mtaani kisha ukapeleka bili kiwandani. Programu mpya ya kompyuta ya gari kwa kawaida ni yake, na pia taarifa za siri nusu ambazo kiwanda huwatumia mafundi wake kuhusu magonjwa yanayojirudia. Na ipo hisani. Gari likiharibika miezi miwili baada ya waranti kuisha, kiwanda kinaweza kuchangia gharama bila kulazimika. Hapo mteja ambaye sura yake inajulikana mapokezi husikilizwa kuliko aliyetoweka siku aliyopewa funguo. Si haki, lakini ndivyo binadamu tulivyo.

Ukigeukia fundi wa nje mzuri, anakupa kitu ambacho wakala amekipiga marufuku kwa mlango wa kioo na bango la "wafanyakazi tu": unasimama pembeni, unaona oili ikimwagika, unaona kama ile washa ndogo ya shaba kwenye nati ya sampu imebadilishwa au imerudishwa ileile. Anakuita kwa jina la mwanao. Anakuambia bushi zitakufikisha Desemba. Simzungumzii wa gereji bubu, anayehama na kivuli cha mwembe. Namzungumzia mwenye anwani, leseni na risiti.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari. Inazungumzia makadirio ya gharama kabla ya kazi, ridhaa ya mteja, dhamana ya kazi iliyofanywa, na kurudishiwa spea ya zamani iliyotolewa. Mara ya mwisho kuomba spea ya zamani ilikuwa lini?

Vijitabu vingi vina ratiba mbili za sevisi, wengi husoma moja. Ya kwanza ni ya barabara safi na safari ndefu. Ya pili ni ya vumbi, safari fupifupi, mizigo mizito na injini kuunguruma gari limesimama. Umewahi kutoka Mbagala kwenda Posta saa 12 asubuhi? Basi ratiba yako ni ya pili, na vipindi vyake ni vifupi zaidi.

Mafuta machafu hayamo kwenye waranti popote. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ili kuwanasa wachakachuaji. Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili isiwe rahisi kuyachanganya na dizeli. Nozeli za dizeli za kisasa hufanya kazi kwa mgandamizo mkubwa mno, na mafuta ya taa hayana ulainisho wa kuzilinda. Weka risiti ya kituo.

Kifaa cha kufuatilia gari, alamu ya kisasa, taa za kumulika hadi mbinguni: vyote hufungwa na fundi umeme anayekata waya wa kiwandani na kuunga kwa selotepu. Uharibifu mwingi wa umeme huanzia hapo, na picha ya selotepu hiyo humaliza ubishi upesi.

Waranti ya kutu ya baadhi ya magari ya Ulaya hufika miaka 12. Wenye magari ya Pwani, tulieni kwanza: ni kwa kutu iliyotoboa bati kutoka ndani kwenda nje. Ile ya juujuu, ya chumvi ya bahari na mchubuko wa kiroba, ni yako.

Betri za haibridi za Toyota Marekani zina waranti ya miaka 10 au maili 150,000 tangu magari ya mwaka 2020. Aqua yako haimo.

La mwisho ni la karatasi. Risiti ya fundi wa nje inayosimama mbele ya kiwanda ina tarehe, kilomita zilizosomeka, namba ya gari au chasisi, jina na daraja la oili, lita ngapi, na namba ya filta. "Sevisi kamili" peke yake haimwambii mtu chochote. Shemeji yangu alikuwa nazo zote, sevisi 6 za pikapu yake, kila moja kwa risiti halali ya EFD, ile mashine ya kodi, zimepangwa kwenye droo ya dashibodi kwa mpangilio wa tarehe. Turbo ilipoanza kupiga mluzi akaingia kwa wakala kifua mbele. Akafungua droo, akamkabidhi msimamizi kile kifurushi. Karatasi za EFD huchapwa kwa joto, siyo kwa wino, na droo ya gari lililoshinda juani Dar es Salaam mwaka mzima ni tanuri. Msimamizi alizipindua moja moja, mbele na nyuma, kisha akauliza kwa adabu kama kuna nyingine. Zote 6 zilikuwa nyeupe.